Fahamu Mustakabali wa Mfumo wa DHIS2 na Usalama wa Takwimu za Zahanati

Kila mwisho wa mwezi, watumishi wa zahanati katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi hujumlisha takwimu zilizoandikwa katika vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA). Idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliozaliwa na wagonjwa wa malaria huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2, ambao ulienea nchi nzima mwaka 2013.

Mfumo huo huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa kushirikiana na wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya gharama hulipwa na wafadhili wa kimataifa. Kwa sababu hiyo, waandaaji wa programu wanaoutegemea hujiuliza itakuwaje iwapo fedha zitapungua, au toleo wanalotumia litaacha kuhudumiwa.

Hofu hiyo ina msingi. Desemba 2020 ilitangazwa kuwa CentOS 8, mfumo endeshi uliotumika katika seva nyingi duniani, ungefikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2021 badala ya 2029. Waliokuwa wameujengea mipango ya miaka mingi walilazimika kutafuta mbadala ndani ya mwaka mmoja.

DHIS2 ina kinga moja muhimu, nayo ni leseni huria. Nchi iliyokwisha kuupokea mfumo huo inaweza kuendelea kuutumia na kuurekebisha bila kulipia leseni, hata kama mwanzilishi wake atajiondoa.

Hata hivyo, leseni pekee haizibi mianya ya usalama. Matoleo yanayohudumiwa ni matatu ya karibuni, hivyo anayebaki na toleo la zamani hukosa marekebisho. Kwa hiyo kinahitajika pia wataalamu wa ndani wanaoufahamu msimbo, bajeti ya kuhuisha mfumo, na nakala rudufu ambazo zimejaribiwa kurejeshwa.

Kwa mjamzito wa Marambo, suala hili si la kompyuta tu. Asipohesabiwa, mahitaji yake hayaonekani katika mipango ya wilaya. Ndiyo maana vitabu vya MTUHA vinapaswa kujazwa kwa usahihi na kutunzwa, kwani mfumo ukisimama, hesabu itaanzia humo.