Usipige dawa majani, kagua shina

Mwaka juzi mkorosho mmoja kati ya mitatu iliyo uani kwangu hapa Manyoni ulianza kukauka tawi moja moja. Nikasema ni ukame. Sisi watu wa Singida kila jambo twausingizia ukame. Jirani akasema ni mchwa. Nikanunua dawa, nikapiga majani mara tatu. Fedha ikaenda na mti ukazidi kukauka.

Siku moja nikachutama, nikalitazama shina. Mchwa huacha udongo juu ya gome. Hapa hapakuwa na udongo, bali ulimbo mweusi uliochanganyika na unga wa mti. Hiyo ndiyo alama ya fukusi wa mkorosho, ambaye wataalamu humwita Mecocorynus loripes. Ni mdudu wa kijivu iliyokolea, mwenye vinundu mwilini na mdomo mrefu, urefu wake kama sentimeta 2. Jike hutoboa gome na kutaga humo. Buu lake ni jeupe, lina kichwa cha kahawia, halina miguu, na kwa miezi kadhaa hula mti chini ya gome. Mabuu yakilizunguka shina, njia ya chakula hukatika na mti hufa ungali umesimama. Sasa dawa ya majani itamfikia wapi mdudu aliyejifungia ndani?

La kufanya ni hili. Kila mwezi kagua shina na matawi makubwa. Uonapo ulimbo mweusi, bandua gome kwa kisu, fuata njia ya buu, ulitoe na kuliua. Fukusi wakubwa waokote kwa mkono uwaue. Mti ulioliwa sana ukate, ubandue gome lote na kuteketeza mabuu. Kuliacha gogo limelala uani ni kuwafugia fukusi miti mingine.

Mimi nilichelewa. Niliuonea huruma mti ule, na siku nilipokubali kuukata, wa pili ulikwisha kuanza kutoa ulimbo. Huo niliuwahi.

Nayasema haya kwa sababu wengi wenu mnaoishi mjini mna mikorosho mashambani, hata katika mashamba ya pamoja ya huku kwetu, kama Masigati. Mkimpigia simu msimamizi, msimuulize habari za majani na maua tu. Mwambieni ainame, awaeleze habari za shina.

Kwa leo naishia hapo.