Baba mzima, mama mzima: mtoto anapata wapi selimundu?

Mara nyingi inaanza na vidole. Mtoto wa miezi saba au minane, aliyekuwa anakua vizuri tu, anaamka mikono na miguu imevimba, ukimgusa analia. Nyumbani wanasema labda ameteguka, labda amelaliwa usiku, labda ni jicho la mtu. Anakandwa maji ya moto, uvimbe unapungua. Baada ya wiki kadhaa unarudi, safari hii na homa na macho ya njano.

Hospitali wakipima damu, jibu linakuja: selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita.

Katika familia nyingi swali linalofuata si "tunamtibu vipi?" Ni "ameutoa wapi ugonjwa huu, mbona ukoo wetu haupo?" Na macho yote yanamgeukia mama.

Jibu la kibaiolojia ni fupi: ameutoa kwa wote wawili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Lakini ili jibu hilo likae vizuri kichwani, inabidi kuanza na chembe moja ya damu.

Chembe iliyotupa kiini chake

Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Zaidi kidogo ya nusu ni majimaji ya rangi ya njano yanayoitwa plazma. Karibu yote yanayobaki ni chembe nyekundu, pamoja na chembe nyeupe chache zinazopigana na magonjwa na vipande vidogo vinavyogandisha damu ukijikata.

Chembe nyekundu zinatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto, kwa kasi ya takriban milioni mbili kila sekunde. Umbo lake ni la mduara uliobonyea katikati, kama kitumbua kilichobonyezwa juu na chini.

Kuna kitu cha ajabu hapa. Kabla ya kutoka kwenye uloto, chembe hiyo inatupa kiini chake. Kuku hafanyi hivyo, wala samaki, wala chura: chembe nyekundu zao zina kiini maisha yake yote. Ni sisi mamalia, ng'ombe na popo wakiwemo, tunaokitupa. (Ngamia naye anakitupa, ila chembe zake zina umbo la yai. Ngamia ana mambo yake.)

Kiini kikitoka, nafasi inabaki kwa ajili ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Chembe moja tu inabeba molekuli zake zipatazo milioni 270. Zikipita kwenye mapafu zinapakia oksijeni, zikifika kwenye misuli, ubongo au figo zinashusha, kisha moyo unazirudisha mapafuni kupakia tena.

Faida nyingine ni ulaini. Mishipa midogo kabisa ya damu, kapilari, mingine ni myembamba kuliko chembe yenyewe. Chembe inabidi ijikunje na kupita moja moja, kama watu kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe wakipishana na mkokoteni. Ikishindwa kujikunja, haipiti. Na isipopita, walio nyuma yake nao hawapiti.

Hapo ndipo selimundu inapoleta balaa.

Kosa moja kati ya 146

Himoglobini imeundwa kwa minyororo minne. Miwili kati yake inaitwa beta, na kila mmoja una pingili 146 zinazoitwa asidi za amino. Kwa mtu mwenye selimundu, pingili moja tu, ile ya sita, imebadilishwa na nyingine. Nyingine zote ziko sawa. Aliyeligundua kosa hilo ni Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1956.

Himoglobini hiyo yenye kosa inaitwa S. Ikiwa imebeba oksijeni haina shida. Ikishaishusha, molekuli zake zinaanza kunatana na kujipanga kuwa nyuzi ndefu, ngumu. Nyuzi hizo zinaisukuma chembe kutoka ndani mpaka inapinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Jina la ugonjwa limetoka hapo.

Sasa fikiria mamilioni ya mundu hizo kwenye vichochoro vile. Zinakwama, zinaziba, na sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni. Yale maumivu makali ya mifupa, kifua na mgongo ambayo wagonjwa wanayaeleza kama kupigwa nyundo kwa ndani, chanzo chake ni hicho. Si maigizo, na si uvivu wa kwenda shule.

Chembe ya kawaida inaishi siku 120 hivi. Yenye umbo la mundu inakufa ndani ya siku 10 hadi 20. Uloto unakimbizana lakini haufiki, ndiyo maana mtoto anaishiwa damu. Mabaki ya chembe zilizokufa ndiyo yanayoyapa macho rangi ya njano.

Viungo vingine navyo vinalipa. Bandama, iliyo upande wa kushoto chini ya mbavu, kazi yake mojawapo ni kunasa bakteria kwenye damu. Kwa watoto hawa huharibika mapema, mara nyingi kabla ya umri wa miaka mitano, na baada ya hapo maambukizi ambayo kwa mtoto mwingine yangekuwa homa ya siku mbili yanaweza kumuua kwa saa chache. Ubongo ukizibiwa, mtoto anapata kiharusi. Ndiyo, mtoto.

Figo nazo zinashindwa kubana maji. Matokeo yake mtoto anakojoa sana, na anaweza kuendelea kukojoa kitandani mpaka umri ambao wenzake wameshaacha. Wapo wanaochapwa kwa sababu hiyo kila asubuhi. Fimbo haitibu figo.

Kwa nini alizaliwa mzima?

Kwa sababu tumboni na miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, mtoto anatumia himoglobini nyingine kabisa, ya kichanga, isiyo na mnyororo wa beta. Haina pingili ya kukosewa. Kadiri miezi inavyokwenda, mwili unaizima na kuwasha ile ya utu uzima. Inapofika miezi sita hivi, S imeshakuwa nyingi, na vidole vinaanza kuvimba.

Ishike hiyo ya himoglobini ya kichanga. Itarudi kwenye habari ya dawa.

Hesabu inayowachanganya wengi

Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachotoa maelekezo ya mnyororo wa beta, moja kwa baba, moja kwa mama. Nakala ya kawaida inaitwa A, yenye kosa inaitwa S.

Mwenye AA hana kosa lolote. Mwenye SS ni mgonjwa. Katikati kuna AS: ana nakala moja ya kila aina, na ile A inatosha kumweka mzima. Anacheza mpira, anabeba mizigo, anazeeka, bila kujua ana nini. Ndiyo maana "kwetu haupo". Upo, ila umekaa kimya.

AS wawili wakipata mtoto, kila mmoja anampa nakala moja kwa bahati, kama kurusha sarafu. Uwezekano wa mtoto kuwa SS ni 25 kwa 100, kuwa AS kama wazazi wake ni 50 kwa 100, na kuwa AA ni 25 kwa 100.

Wengi wanakosea hapa. Wanasikia "mmoja kati ya wanne", mtoto wa kwanza akiwa SS wanasema basi, yule mmoja ameshapita, watatu wanaofuata watakuwa salama. Hapana. Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba inaanza upya na 25 kwa 100 ileile. Kuna familia yenye watoto wanne wote wazima, na kuna yenye watatu wote SS.

AS akizaa na AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa nusu wanaweza kuwa AS.

Halafu lipo hili la "damu zetu haziendani". Wachumba wanaambiana: mimi ni grupu O, wewe ni A, tuko salama. Hayo ni mambo mawili tofauti. Grupu la damu ni alama zilizo juu ya chembe, na ni la muhimu ukiongezewa damu. AS au SS ni aina ya himoglobini iliyo ndani ya chembe. Kadi ya grupu la damu haikuambii lolote kuhusu selimundu.

Na vipimo vyenyewe si kimoja. Kuna cha haraka, ambacho damu inachanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni kisha inaangaliwa kwa darubini kama chembe zitapinda. Kipimo hicho kinasema tu kama S ipo. Hakitenganishi AS na SS. Ukipewa jibu la "chanya" kwa kipimo hicho peke yake, ulizia cha pili, kinachotenganisha aina za himoglobini.

Kosa hili limeenea vipi?

Inakadiriwa kwamba Tanzania peke yake watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka. Kama kinasaba hiki kinaua watoto, kingetakiwa kiwe kimepotea zamani. Kwa nini hakijapotea?

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo akichukua sampuli za damu. Akaona mpangilio: Pwani na karibu na Ziwa Victoria, wenye S walikuwa wengi, sehemu nyingine zaidi ya 20 kwa 100. Nyanda za juu penye baridi walikuwa wachache mno. Allison akajiuliza, Pwani na Ziwa vina nini kwa pamoja? Mbu.

Alirudi mwaka 1953. Uganda alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na S, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, ni 113. Yaani karibu 28 kwa 100 dhidi ya karibu 46. Aliwaambukiza pia malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, jaribio ambalo leo lingekuwa na maswali mengi ya kimaadili. Matokeo aliyachapisha mwaka 1954, na tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zimethibitisha kwamba mwenye AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali.

Kwa hiyo kwa maelfu ya miaka, mtoto wa AS ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri ya kupona malaria, kukua na kuzaa. S ikabebwa kizazi hadi kizazi na watu waliookolewa nayo. Hakuna mkosi wala laana ya ukoo hapo.

Ila tahadhari: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria huwa hatarini zaidi, kwa sababu damu yake ilikuwa imeshapungua tangu mwanzo. Chandarua kwake si cha hiari.

Dawa ipo?

Ipo ya kumfanya aishi vizuri. Mtoto anapewa penisilini kila siku mpaka afikishe angalau miaka mitano, kuziba pengo la bandama, pamoja na chanjo, foliki asidi na maji ya kunywa ya kutosha. Ndiyo maana kumpima mapema, hata siku za kwanza za maisha, ni bora kuliko kusubiri vidole vivimbe.

Kuna pia haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayouamsha mwili kutengeneza tena ile himoglobini ya kichanga. Ikiongezeka, nyuzi za S zinashindwa kujipanga, na maumivu yanapungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo si ya kujinunulia duka la dawa.

Kupona kabisa kunawezekana kwa kupandikizwa uloto wa mtu mwingine unaofanana, mara nyingi ndugu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza huduma hiyo kwa watoto. Na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu Casgevy, tiba inayohariri vinasaba vya mgonjwa ili himoglobini ya kichanga iwake upya. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa familia ya kawaida huku, hiyo bado ni habari ya kusoma tu kwenye simu.

Kwa mzazi ambaye tayari ana mtoto wa SS, kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi: homa kali, kupumua kwa shida, kulegea upande mmoja wa mwili, au kupauka ghafla huku tumbo likijaa upande wa kushoto. Hiyo ya mwisho inamaanisha bandama inanasa damu, na mtoto anaweza kuishiwa ndani ya saa chache. Kliniki nyingi za selimundu zinaweza kumfundisha mama au baba kuipapasa bandama kwa vidole nyumbani, ajue ukubwa wake wa kila siku. Akienda kliniki aombe kuonyeshwa.