Ana Lua Caiano na Nyimbo Zilizofutwa Jasho

Wengi wetu tulioko Ulaya tukitajiwa muziki wa Ureno, akili hukimbilia fado: shali nyeusi, gitaa, majonzi. Lakini fado ni muziki wa mjini. Asili ya anachokifanya mwanamuziki Ana Lua Caiano iko mashambani, na kukielewa huna budi kuanza na dikteta Salazar.

Utawala wake uliwapenda wanakijiji, mradi wawe nadhifu na wasilalamike. Mwaka 1938 idara yake ya propaganda iliandaa shindano la kutafuta kijiji cha Kireno zaidi kuliko vyote. Monsanto, karibu na mpaka wa Hispania, kikashinda na kutunukiwa jogoo wa fedha. Nyimbo za kazi zikavalishwa sare, zikafutwa jasho, zikapandishwa jukwaani. Kijana aliyeichukia serikali alikuwa na kila sababu ya kuzichukia na nyimbo zake.

Walioziokoa ni watu wenye vinasa sauti. Michel Giacometti, Mkorsika, alifika mwaka 1959, akazunguka vijijini kurekodi wavunaji na akina mama wakibembeleza watoto. Mwenzake, mtunzi Fernando Lopes-Graça, alikuwa mkomunisti aliyewahi kufungwa na serikali hiyohiyo. Naye mwanamuziki José Afonso, aliyefundisha shule Msumbiji, alichukua mwendo wa kwaya za eneo la Alentejo akatunga "Grândola, Vila Morena". Wimbo huo ulipopigwa redioni saa sita na dakika 20 usiku wa kuamkia 25 Aprili 1974, wanajeshi waasi walijua wakati wa kuipindua serikali umefika.

Caiano, mzaliwa wa Lisbon wa mwaka 1999, amerithi upande huo wa waasi. Hupanda jukwaani peke yake na ngoma kubwa iitwayo bombo, kinanda cha umeme na mashine ya kurudiarudia sauti. Anajirekodi papo hapo, anabebanisha sauti juu ya sauti, mpaka mwanamke mmoja anakuwa kwaya. Wanaosema kachanganya ya kale na ya kisasa wanampunja. Nyimbo za kazi zimejengwa juu ya marudio tangu zamani. Wanawake wa Monsanto na adufe zao za pembe nne (ndugu wa dufu letu la maulidi) hufanya vivyo hivyo bila umeme. Mashine imekuta kazi inayoifahamu.

Albamu yake ya kwanza, "Vou Ficar Neste Quadrado", ilitoka mwaka 2024. Anza na "O Bicho Anda por Aí", kisha tafuta rekodi za Giacometti usikie Caiano alikokopa.