Kusahau kwa Wazee: Ni Ugonjwa wa Ubongo, Si Uchawi

Baba wa mwandishi wa makala haya alikuwa mfugaji katika Wilaya ya Tarime. Katika miaka yake ya mwisho aliweza kutaja, mmoja mmoja na kwa rangi zao, ng'ombe wote waliotolewa mahari siku alipooa. Lakini asubuhi hakukumbuka kama amekwisha kunywa uji. Baadaye alipotea katika njia ya mtoni aliyoipita tangu utotoni. Majirani walinong'ona kwamba amerogwa. Katika zahanati tuliambiwa kwamba huo ni uzee tu. Alifariki bila mtu yeyote kuutaja ugonjwa wake kwa jina. Yafaa basi mwalimu na mwanafunzi walijue jina hilo, na walijue mapema.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimchunguza mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini. Aliona mambo mawili: madoa baina ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo twajua kwamba madoa hayo hufanywa na protini iitwayo amiloidi, na nyuzi hizo na protini iitwayo tau. Seli zilizoathirika hushindwa kupelekeana habari, kisha hufa, na ubongo hunywea.

Je, kwa nini mzee akumbuke ng'ombe wa zamani na kusahau uji wa leo? Uharibifu huanza mapema katika hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupokea mambo mapya ili yahifadhiwe. Kumbukumbu za zamani zimekwisha kuenea katika sehemu nyingine za ubongo. Tuchukue mfano wa kihenge: mlango wake ukiziba, ulezi wa mwaka huu hauingii, lakini ule wa zamani bado umo. Miaka ikipita, ugonjwa hukifikia kihenge chenyewe.

Ugonjwa huu ndio chanzo kikubwa cha hali iitwayo demensia, yaani kupungukiwa akili hata mtu asiweze shughuli zake za kila siku. Lakini si chanzo pekee. Kiharusi, upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo na huzuni kubwa pia huweza kuvuruga kumbukumbu, na baadhi ya hayo yana tiba. Kwa hiyo neno "ni uzee tu" laweza kumnyima mgonjwa dawa iliyopo.

Utafiti katika Afrika

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na wengi wao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utafiti hufanyika katika nchi tajiri. Kasoro hii si ndogo. Mwaka 1995 watafiti walitangaza kwamba demensia ilionekana kwa asilimia 2.29 ya wazee wa miaka 65 na zaidi mjini Ibadan, Nigeria, na kwa asilimia 8.24 ya Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Ni dhahiri kwamba matokeo ya nchi moja hayatoshi kuieleza nyingine.

Katika Tanzania, uchunguzi uliofanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikadiria asilimia 6.4 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Watafiti walitayarisha pia kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa mfano aliopewa, na hukumbuka maneno kumi. Kipimo cha namna hiyo kingefaa sana katika zahanati za Tarime na Serengeti, na uchunguzi kama wa Hai unastahili kufanywa huku pia, miongoni mwa Wakurya, Wangoreme, Waikoma na wengineo.

Matunzo na kinga

Hakuna bado dawa ya kuuponya ugonjwa huu. Zipo dawa za kupunguza dalili, na mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab, dawa inayopunguza kasi yake; lakini ni ya gharama kubwa. Kinga, kwa bahati njema, i karibu nasi zaidi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria kwamba karibu nusu ya demensia inahusiana na mambo yanayoweza kurekebishwa, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, uziwi usiotibiwa na kukosa elimu utotoni. Mwanafunzi anayesoma leo anajiwekea akiba ya ubongo wake wa uzeeni.

Nyumbani, mgonjwa asibishiwe wala kuchekwa. Saa za kula na kulala zisibadilishwe ovyo, na asiachwe karibu na moto. Anayemtunza naye apokewe zamu. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Bibi anayetangatanga usiku akisema peke yake yumo katika hatari hiyo hiyo. Elimu ni ngao yake.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua demensia, alianzisha chama cha kuzisaidia familia zenye wagonjwa. Hapana sababu jambo hilo lisifanyike kwetu.

Kazi ya darasani

Kila tarehe 21 Septemba ni Siku ya Alzheimer Duniani. Siku hiyo, kila mwanafunzi amwombe mzee wa ukoo wake, kwa adabu, amsimulie habari za rika lake, aziandike, kisha azisome mbele ya darasa. Yaliyoandikwa hayatapotea, hata kama msimulizi atakuja kuyasahau.