Koltani, Mazuku na Somo la Fizikia

Kwenye vilima vya Kibabi, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, udongo wenye koltani huoshwa kwa maji yanayotiririka. Mchanga huenda na maji, madini meusi hubaki chini. Sababu ni densiti: kwatzi ya mchanga ina gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo, koltani huanzia 5 na kufika hata 8. Mtoto aliyekulia hapo hana haja ya kuaminishwa kwamba mawe mawili yenye ukubwa mmoja yanaweza kupishana uzito. Hajaambiwa tu kwamba hilo ndilo atakaloulizwa kwenye mtihani, tena kwa Kifaransa.

Nyumbani anasema Kihunde, Kinyarwanda au Kitembo. Upande wa Walikale, Kinyanga. Shule ya msingi humpokea kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinashika hatamu. Mwaka 1996, Glen Aikenhead wa Kanada aliandika kwamba mwanafunzi wa sayansi huvuka mpaka kutoka utamaduni wa kwao kwenda wa wanasayansi. Mwaka mmoja kabla yake, Olugbemiro Jegede wa Nigeria alikuwa ameeleza jinsi mtoto anavyotunza maelezo mawili ya jambo moja kichwani, moja la mtihani na jingine la maisha. Masisi, naona, mipaka ni mingi kuliko waliyoihesabu.

Chukua mazuku. Karibu na Sake na Goma, kaboni dioksaidi ya volkano hutoka ardhini na kutuama mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kama mara 1.5. Mbuzi aliyeinamisha kichwa kula majani anaweza kufa huku mchungaji aliyesimama akisalimika. Wapo wanaosema ni upepo mbaya. Mwalimu anayeanza kwa kuwacheka hupoteza darasa, na hupoteza taarifa pia: wenyeji wanajua mashimo yenyewe, na wanajua kwamba alfajiri tulivu ni hatari kuliko adhuhuri yenye upepo. Anayeuliza kwa nini mbuzi afe na mtu apone ameshaingia kwenye densiti kabla ya kuitaja.

Lakini ushauri wa kutumia utamaduni wa mtoto si mwepesi hapa. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, na tangu mauaji ya 1993, yaliyoanzia Ntoto huko Walikale, ardhi na ukoo vimemwaga damu mara nyingi. Jibini, inayoipa Masisi sifa, ni mfano wa mtoto wa mfugaji. Kasiksi, pombe ya ndizi, ni wa mtoto wa mkulima. Kila mfano una mwenyewe, na darasa zima linamjua. Afadhali yote miwili iandikwe ubaoni siku moja: bakteria kwenye maziwa, hamira kwenye maji ya ndizi, vijidudu tofauti vinavyojipatia nguvu kwa kuvunja sukari.

Koltani haina ukoo, ila ina shida yake. Sheria inakataza watoto machimboni, na machimbo yanashindana na shule kumpata mwanafunzi yule yule. Mwalimu asiyetaka kuyapigia debe anaweza kufundisha densiti uwanjani kwa karai la maji, mchanga na vipande vya misumari iliyochakaa.