Chujio Lipi kwa Maji ya Ifakara?

Muuzaji akikwambia chujio lake linaondoa "kemikali za milele", muulize: linaziondoa kwa njia gani? Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama bei anayoitaja ina maana.

Kemikali hizo, kwa kifupi PFAS, ni maelfu, na zote zina kaboni iliyoshikamana na floraini kwa nguvu isiyovunjika kirahisi. Zimetumika kwenye vikaango visivyoshika, makoti ya mvua, karatasi za kufungia chakula chenye mafuta na povu la kuzimia moto. Mitambo ya kawaida ya majitaka haiziwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mtambo wa Nakivubo, Kampala, ulikuta maji yanayotoka yana PFAS nyingi kuliko yanayoingia.

Bonde la Kilombero, ulipo mji wa Ifakara, halifanani na Kampala. Hapa wengi wana choo cha shimo na kisima kifupi, na masika mto Lumemo ukifurika, hivyo viwili hukutana. Kwa hiyo adui wa kwanza ni vijidudu, na ndivyo pesa ya kwanza iviendee.

Kuchemsha ndoo ya lita 20 hula karibu kilo moja ya mkaa kwenye jiko la kawaida. Zidisha kwa bei ya mkaa mtaani kwako, kisha kwa siku 30, utaona kwa nini watu huacha katikati ya mwezi. Kidonge cha WaterGuard hutibu ndoo hiyo hiyo kwa gharama ndogo zaidi, ila maji yenye tope yachujwe kwanza. Chupa za plastiki angavu zikianikwa juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, hazikugharimu kitu. Njia zote hizi huua vijidudu vingi na hazigusi PFAS hata kidogo. Kuchemsha huzidi kuzikoleza, maana maji hupungua kwa mvuke na kemikali hubaki.

PFAS hupunguzwa na mkaa ulioamilishwa, resini maalumu za kubadilisha ayoni, au mashine ya RO inayosukuma maji kupita kwenye utando. Mkaa wa jikoni uliopondwa si huo. Pumba za mpunga zinazorundikana mashineni Ifakara zinaweza kutengenezwa mkaa ulioamilishwa, lakini zinahitaji joto la mamia ya nyuzi pamoja na mvuke au kemikali, kazi ya kiwanda. Na chujio la mkaa wa mifupa, linalosifiwa Arusha kwa kuondoa floraidi, lilitengenezwa kwa tatizo jingine kabisa. Usilinunue kwa hofu hii.

Mashine ndogo ya RO mara nyingi humwaga lita tatu kupata moja. Ndoo moja safi, basi, hula nne za bomba, pamoja na umeme wa pampu na vichujio vya kubadilisha kila baada ya miezi kadhaa. Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kabla hujalipa, taka kuona namba ya cheti: NSF/ANSI 53 kwa mkaa, 58 kwa RO, na kitaje kwa majina PFOA na PFOS, aina mbili za PFAS. Cheti kinachotaja ladha na harufu peke yake hakikuhusu.

Kupima nako ni ghali. Maabara za Marekani hutoza takriban dola 300 na kuendelea kwa sampuli moja, zaidi ya laki saba za shilingi, kabla ya usafirishaji. Kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 2024 kwa PFOA na PFOS ni nanogramu 4 kwa lita, kiasi kidogo mno hivi kwamba hata mfuniko wa chupa wenye Teflon unaweza kuharibu kipimo. Familia moja isijibebeshe mzigo huo. Ni kazi ya mamlaka ya maji, kwa visima vya mtaa mzima.

Kwa nyumba ya kawaida, ningenunua vidonge na chombo chenye bomba na mfuniko, na kikaango cha chuma badala ya kile kisichoshika. RO ni kwa hospitali, shule au nyumba ya wageni yenye kisima kinachoshukiwa. Hata hao wamuulize fundi maji yanayomwagwa yanaelekea wapi. PFAS zote zilizotolewa zimo humo, zimekolea, na mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, bomba la kumwagia lililoelekezwa uani hurudisha uchafu kwenye kisima cha jirani.