Kiuno cha kromosomu na miaka ya kungoja muhogo bora

Mkulima wa muhogo, awe Mtwara, Busia au Bujumbura, hupanda pingili. Mbegu haziaminiki: zitokazo kwenye shina moja huzaa mimea isiyofanana. Ndiyo maana mtafiti anayetaka aina moja ihimili batobato na michirizi kahawia kwa pamoja hutumia miaka mingi kuzalisha na kuchambua.

Njia ya kuipunguza miaka hiyo ilichomoza mwaka 2010, mbali na shamba lolote la muhogo, katika maabara ya Simon Chan, Chuo Kikuu cha California, Davis. Yeye na mwenzake kutoka India, Maruthachalam Ravi, walichunguza sentromia, yaani kiuno cha kromosomu, mahali nyuzi za seli zinaposhika na kuvuta seli inapogawanyika. Kiuno kikilegea, kromosomu hupotea.

Waliibadilisha protini ya kiuno hicho, CENH3, katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali. Ulipochavushwa na mmea wa kawaida, baadhi ya watoto walitupa kromosomu zote za mzazi aliyebadilishwa. Badala ya kromosomu 10, wakabaki na 5 za mzazi wa kawaida. Hizo zikirudufishwa, kila jozi huwa pacha kamili, na mmea thabiti hupatikana kwa vizazi viwili badala ya sita au zaidi.

Kuna jambo litakalowagusa wanasheria wa Jumuiya. Jeni iliyobadilishwa hutupwa pamoja na kromosomu zake, hivyo mtoto hanayo. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mazao ya GMO mwaka 2018. Kenya iliondoa marufuku yake mwaka 2022. Mmea wa namna hii utahesabiwaje mpakani Namanga?

Chan, aliyesomea uzamivu kwa Elizabeth Blackburn, mshindi wa Nobeli ya 2009 kwa utafiti wa ncha za kromosomu, alifariki Agosti 2012 akiwa na miaka 38. Wenzake wa Davis, akiwemo Luca Comai, waliendelea. Ravi alirudi India na kufungua maabara yake. Mwaka 2020 watafiti wengine walitangaza kuwa mbinu hiyo imefaulu katika ngano.

Kuihamishia kwenye muhogo au mgomba si kunakili tu. Kila zao lina CENH3 yake. Ikiharibiwa kabisa, mmea hufa. Ikiguswa kidogo mno, hakuna kromosomu inayotupwa.